Neno Lililongoja Langoni

Kila Jumatano, siku ya mkate wa maskini, Hersende alijifunga kitambaa chake cha kichwani, akachukua kikapu cha matufaha, akashuka bondeni hadi kwenye lango la monasteri ya Fontbrune. Zamani njia ile ilikuwa fupi. Siku hizi magoti yalikuwa yameirefusha, na akifika kwenye daraja la kinu hakuwa na budi kukaa, akasikiliza maji kidogo, ndipo ainuke tena.

Ndani ya lango lile aliishi mdogo wake, Gauchier. Watu wa Burgundia walimwita Abate Gauchier, baba wa wamonaki wa kanzu nyeupe, Wasitoo. Mahubiri yake yalinakiliwa kwenye ngozi yakapelekwa mbali, hata ng'ambo kwa Waingereza. Kwa Hersende alikuwa bado yule mtoto aliyeogopa mabata bukini, ambaye jioni alidai abebwe mgongoni kupita uani ili wasimdonoe.

Alikuwa hajauona uso wake tangu enzi za uhai wa mama yao.

Sheria ya nyumba ile ilijulikana na kila mtu: mwanamke havuki kizingiti, awe dada, awe malkia. Lakini abate anaweza kutoka hadi langoni akasema na ndugu zake, na maabate wengine walifanya hivyo. Gauchier hakutoka. Mwaka wake wa kwanza mle ndani, Gauchier akiwa bado kijana, Hersende alikuja kumwambia kwamba mama anaumwa. Gauchier alisimama pale langoni akilia, akapiga hatua kuelekea nje, kisha akageuka akarudi ndani mbio kama mtu anayeungua. Tangu siku hiyo aliomba asiitwe tena langoni. Mama akafa, akazikwa, na mwanawe hakuja.

Lakini mama aliacha neno. Alilisema akiwa amemshika Hersende mkono: "Mpelekee Gauchier. Mdomo kwa sikio. Usimtume mtu, si padri, si nani." Basi Hersende alilibeba. Angeweza kumwambia mlinda lango, na lingefika siku ile ile. Lakini mama alisema mdomo kwa sikio, na Hersende hakuwa mtu wa kupunja agizo la mama.

Mlinda lango alikuwa Ndugu Guiot. Wenzake ndani waliishi kimya, wakisemezana kwa ishara za vidole. Guiot alipewa ruhusa ya kusema na wageni, na ruhusa hiyo aliitumia yote, hakubakiza chembe.

"Umechelewa, dada," alisema Jumatano ile, akikoroga chungu cha maharage kilichokaa mekoni chini ya tao la lango. "Bertaud amekwisha kula fungu lake, anataka na lako."

Bertaud, mzee wa mguu mmoja aliyekuja kila juma na magongo yake, aliinua bakuli. "Mimi namtunzia tu. Chakula kikilala kinaharibika."

Hersende alicheka, akaweka kikapu juu ya jiwe la kizingiti. Guiot aliyapokea matufaha mojamoja kama mayai. Yalitoka kwenye mti wa nyumbani kwao, ule wa nyuma ya zizi. Kwa Kanuni yao zawadi haikuwa ya mtu mmoja. Iliingia jikoni ikawa ya wote. Hersende alilijua hilo na hakuwahi kulalamika. Alileta matufaha ya kutosha wote, akitumaini moja litapotelea kwa Gauchier.

"Alikula?" aliuliza, kama alivyouliza kila mara.

Guiot hakuwa mtu wa kusema uongo hata kwa wema. "Sijui, dada. Ila Ndugu Renier, yule muuguzi, nilimwona anasaga moja na asali. Na hapo kwenye chumba cha wagonjwa hakuna mwingine asiye na meno."

Hersende hakujua kwamba Gauchier hana meno.

"Halali tena," Guiot aliendelea, sauti ikishuka. "Siku nyingi sasa. Kifua kinamkatalia. Usiku kucha ameketi. Renier naye haketi, anamshikilia mgongo."

"Na kitabu chake?"

"Bado pale pale."

Kitabu hicho hata maskini wa langoni walikijua. Abate alikuwa akiwahubiria wamonaki juu ya yule mwana mpotevu wa kwenye Injili, neno kwa neno, na Ndugu Milon, mwandishi wake, akiyaandika kwenye vibao vya nta kabla ya kuyahamishia kwenye ngozi. Mwanzo mahubiri yalikwenda vizuri: mali, safari, njaa, nguruwe. Halafu yakafika mahali ambapo baba anamwona mwanawe akija kwa mbali, na hapo yakakwama. Abate aliandika, akafuta. Akahubiri mambo mengine, akarudi, akafuta tena. Miaka ikapita.

"Jamani, huyo kijana atafika lini?" Bertaud alisema. "Yuko njiani tangu mimi nina miguu miwili."

"Nyamaza wewe, kula," Guiot alimwambia, lakini mashavu yalimcheza.

Hapo ndipo ubao ulipolia.

Ulikuwa ubao mkavu wa mwaloni uliotundikwa ukumbini, na haukugongwa ila kwa jambo moja. Nyundo ilikuwa ikiupiga haraka haraka, bila kupumzika. Guiot aliacha mwiko ndani ya chungu. Wamonaki hawakimbii, kukimbia ni utoto. Wanakimbia kwa mambo mawili tu, moto na ndugu anayekufa. Ubao ukilia, mwenye jembe anaacha jembe, mwenye kuandika anaiacha herufi nusu, na wote wanakimbilia kwa anayekufa wakiimba Nasadiki, sala ya imani yao, asiende peke yake.

Guiot alimtazama Hersende. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtoto anayetaka kulia. "Dada," alisema. Akashika pindo la kanzu akakimbia, makubazi yakigonga mawe. Huku na huku kutoka mashambani na kwenye kinu walikuja wengine wakikimbia, na wimbo ukaanza vipandevipande, kila mmoja akiudaka pale alipo, mpaka ukaungana.

Lango likabaki wazi.

Hersende alisimama na vidole vya mguu vikiligusa jiwe la kizingiti. Mbele yake palikuwa na njia ya changarawe, kisha ukuta mweupe, kisha mlango mdogo ambamo kanzu ya mwisho ilikuwa imetoweka. Hapakuwa mbali. Kutoka kwao hadi kisimani palikuwa mbali zaidi.

"Ingia," Bertaud alinong'ona. "Bibi, ingia! Nani atakuona? Wote wamekwenda."

"Ninyamazie, Bertaud."

"Ni mdogo wako yule."

"Najua ni nani."

Neno la mama lilimpanda kooni kama kitu kilicho hai. Aliinua mguu. Kisha akamwaza Gauchier amelazwa chini juu ya gunia na majivu, kama wanavyolazwa wote wanaokufa katika nyumba ile, na wanawe wamemzunguka, na yeye anaingia katikati yao na matope ya njiani. Gauchier angeondoka duniani akiona haya. Na neno la mama halikuwa neno la kupenyeza kama mwizi. Mama alilitoa mchana kweupe, mlango ukiwa wazi.

Akaushusha mguu mahali pale pale ulipokuwa.

Halafu akasikia harufu. "Maharage yanaungua!" alisema.

Chungu kilikuwa ndani ya tao, mbali na mkono wake. Maskini walikuwa wanazidi kufika kutoka njia ya msituni, mabakuli mkononi, na wanawake kati yao hawakuweza kuvuka kama yeye. Bertaud aliweza, lakini mtu wa mguu mmoja hawezi kubeba chungu cha moto. Basi akasimama ndani akakisukuma kwa gongo, kidogo kidogo, akilaani na kuomba msamaha kwa pamoja, mpaka kikafika jiweni. Hersende akainama nje ya kizingiti, akaushika mwiko wa Guiot, akaanza kugawa. Mchuzi ulimwagika kwenye kiwiko chake cha mkono, lakini hakuna aliyerudi na bakuli tupu. Mkate aliukata vipande sawa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwombea baraka, naye akaitikia, na machozi yalishuka bila yeye kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Kule ndani wimbo ulikatika ghafla, katikati ya neno.

Kisha Guiot alitokea kwenye mlango mdogo, akija mbio, mara analia, mara anacheka.

"Hajafa!" alisema. "Dada, hajafa! Alikuwa amelala!"

"Amelala vipi?"

"Usingizi! Renier anasema alfajiri ile kifua kilimwachia, akalala. Yeye Renier amezoea kumsikia anakoroma na kukohoa siku zote hizi. Akaona kimya, akaona kifua hakitikisiki, akafikiri ndiyo basi. Akagonga ubao. Tukambeba, tukamlaza kwenye majivu, tukaimba. Tumefika katikati ya Nasadiki, Baba Abate akafungua macho akatutazama, akasema, 'Nani amekufa?'"

Bertaud alicheka mpaka gongo likamponyoka.

"Usicheke! Tulisimama kama miti. Vitabu vyetu vina wimbo wa kila jambo, lakini hakuna wimbo wa mtu anayeinuka kutoka kwenye majivu. Renier maskini akaanguka kifudifudi. Baba akaweka mkono kichwani pake, akamwambia, 'Mwanangu, ulinilaza vizuri, nimeota.' Halafu akatutazama mmoja mmoja. Akauliza, 'Wote mmekuja?' Tukasema wote. Akasema, 'Na langoni yuko nani?'"

Guiot alijifuta machozi kwa mkono wa kanzu.

"Nikaanguka na mimi. Nikasema, 'Hakuna, Baba, nimeliacha wazi.' Halafu nikasema..." Aliutazama mwiko mkononi mwa Hersende, na mabakuli, na chungu jiweni. "Nikasema, 'Yupo Hersende.' Ndivyo lilivyonitoka. Sikujua kama upo kweli au umekwenda."

"Akasemaje?"

Guiot aligeuka, kwa sababu nyuma yake mlango mdogo ulikuwa umefunguka wote. Ndugu wanne walikuwa wanatoka, wamelishika gunia pembe zake nne, wakitembea hatua moja kama wabeba kioo. Renier alikuwa pembeni na blanketi. Nyuma yao Milon mwandishi, mrefu, mwembamba, vibao vya nta vikining'inia kiunoni.

Walilishusha gunia upande wa ndani wa kizingiti, karibu kabisa. Renier alipiga magoti akamwegemeza mgonjwa kifuani pake.

Hersende alimtazama mzee yule. Kwanza alimwona baba yao, masikio yale makubwa, kidevu kile kilichokatika katikati. Alimtafuta yule mtoto wa mabata bukini, akamtafuta, na hakumwona mpaka mzee alipotabasamu.

"Dada," Gauchier alisema.

"Umepotea sana," alisema Hersende.

"Nimepotea."

Majivu yalikuwa yamemshika Gauchier shavuni na sikioni, na mkono wa Hersende ulinyanyuka wenyewe kumpangusa, ukakumbuka, ukabaki hewani juu ya jiwe. Renier aliuona. Alichukua pembe ya blanketi, akaanza kupangusa yeye, akimtazama Hersende.

"Hapo," Hersende alisema. "La, nyuma ya sikio. Taratibu, hapo ana alama, alianguka kwenye ngazi ya ghala. Ndiyo. Na chini kidogo."

Renier alipangusa polepole kila alipoelekezwa, na Gauchier alifumba macho kama mtoto anayeogeshwa.

"Nina neno la mama," Hersende alisema.

Macho yakafumbuka. Ndugu wale wanne waligeuza nyuso zao ukutani. Guiot aliwasogeza maskini hatua chache, na hata Bertaud alitazama viatu vyake, yaani kile kimoja.

"Sikuja," Gauchier alisema. "Uliniita nami sikuja. Niliogopa, nikitoka sitarudi."

"Nilikuona. Mama alisema nikwambie hakukasirika. Alisema, 'Mwambie sikukasirika hata siku moja.' Mdomo kwa sikio, ndivyo alivyotaka, ndiyo maana sikumtuma Guiot."

Gauchier alilia bila sauti, kama wanavyolia watu waliozoea kimya. Kisha akauliza, "Alikuwa anaitazama njia?"

"Hakuweza. Macho yalikuwa yamekwisha. Aliniambia mimi nitazame. Kila jioni ananiuliza, 'Yupo njiani?' Namwambia, 'Bado, mama.' Anasema, 'Basi usifunge mlango.' Tukalala na baridi, na paka wa watu wanaingia."

"Na wewe, ulikasirika?"

Hersende aliufuta mwiko kwa aproni yake, ingawa ulikuwa msafi. "Mimi nilikasirika, ndiyo. Sana. Nilikuwa nikija hapa nimekasirika, na matufaha mkononi."

"Bado?"

"Sijui hasira iliishia wapi. Labda pale darajani, wakati wa kupumzika."

Gauchier aligeuza kichwa. "Milon."

Mwandishi alichuchumaa, kalamu ya mfupa tayari.

"Nimemweka yule baba peke yake mlangoni miaka yote hii," Gauchier alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno, "na nilikuwa nikifika pale, nashindwa. Nilimwogopa. Andika kwamba macho yake yalichoka, akamwomba aliyebaki nyumbani amtazamie. Andika kwamba yule aliyebaki alikuwa na hasira, na alitazama hivyo hivyo. Asingetazama yeye, baba asingeuacha mlango wazi."

Kalamu ilikwaruza nta. Watu walisikiliza mkwaruzo huo kama wanavyosikiliza mvua ya kwanza.

"Amefika sasa?" Bertaud alishindwa kujizuia.

"Nani?" Milon aliuliza kwa mshangao, akasahau kabisa kwamba hana ruhusa ya kusema.

"Huyo kijana!"

Gauchier alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, Renier akamwinua, na kilipotulia midomo yake ilikuwa ya bluu. "Bado kidogo," alisema. "Kesho, Milon. Leo nimechoka." Kisha kwa Hersende, "Lile tufaha lilikuwa la nyuma ya zizi."

"Ulilitambua?"

"Halina utamu wowote mti ule. Ningelijua popote."

Wakamwinua. Hersende alisimama akiwatazama wakirudi kwa hatua zile zile moja moja, mpaka mlango mdogo ukafungwa. Hata hapo hakuondoka. Guiot aliuchukua mwiko mkononi mwake taratibu, akamwambia aketi, naye akaketi.

Alhamisi alikuja tena, ingawa haikuwa siku ya mkate. Guiot alimwambia Baba amelala vizuri. Ijumaa alimwambia Baba alimwita Milon, Milon akaja na nta mpya, lakini Baba alimshika tu mkono akanyamaza. Guiot alisema yote hayo bila utani. Hersende alishukuru, akarudi. Nyumbani jioni aliketi penye mlango, na mlango hakuufunga, akajicheka mwenyewe kwa sababu hapakuwa na wa kumngoja njiani; kwa mara ya kwanza alijua hasa mdogo wake yukoje, na alitamani kumwona kuliko miaka yote aliyokuwa hajui.

Jumatano alikuwa ameketi darajani, kikapu magotini, aliposikia ubao.

Hakuweza kukimbia. Aliinuka, akatembea kama magoti yalivyoruhusu, na huku bonde lote wimbo ulikuwa unaungana, sauti za shambani na za kinuni, zikimpita. Alijua atakuta lango tupu.

Alikuta liko wazi, milango yake yote miwili. Guiot hakuwapo. Lakini nje ya kizingiti, upande wake yeye, palikuwa na kigoda cha Guiot mwenyewe, kile alichokalia siku zote, na juu yake ngozi ya kondoo. Chungu kilikuwa kimevutwa hadi jiweni, moto umepunguzwa, na mwiko umelazwa juu ya kifuniko, mpini ukimwelekea yeye.

Hersende aliketi. Kigoda kilikuwa bado na joto.

Maskini walikuwa wamesimama, kofia mkononi. Wimbo uliendelea, na safari hii haukukatika. Ulikwenda taratibu mpaka mwisho wake, ukatua, na baada yake zikaanza zaburi, chini chini. Hersende aliitazama njia ya changarawe na ule mlango mdogo. Aliwahi kuombwa atazame, naye akatazama.

Bertaud alijikongoja hadi karibu naye.

"Bibi," alisema, na hakukuwa na mzaha hata kidogo katika sauti yake. "Bado yuko njiani?"

Hersende alikiinua kifuniko. Mvuke ukampanda usoni.

"La," alisema. "Amefika. Lete bakuli lako."